Fundi Anajibu: Tairi kubwa kwenye gari la kuvuta magurudumu mawili

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na hazikatiki mpaka Aprili au Mei. Kila zinapokaribia, wenye magari yasiyo 4x4 hutuuliza jambo moja: nifanyeje lipite? Safari hii tumechagua barua tano.

Nianze na tairi au nianze na kunyanyua?

*Shikamoo fundi. Nina pikapu ya kebini moja inayovutwa na magurudumu ya nyuma tu. Nabeba viazi kutoka Matamba kushuka Chimala. Huko mashambani tope likikolea, difu inalala kwenye tuta la katikati ya njia, nabaki nazungusha tairi bure. Tairi zilizopo ni 205/70R15. Nyuma kuna springi za majani, mbele tosheni baa. Jamaa ameniambia ninyanyue inchi 4 kisha nivalishe tairi za inchi 31. Nifuate?* — Msomaji, Matamba

Marahaba, kijana wetu. Usifuate.

Ugonjwa uliotueleza ni difu kugusa chini, na kunyanyua bodi hakuipandishi difu hata milimita moja. Difu, ile nundu ya gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Ukiweka bloku (vipande vya kuinulia, kati ya ekseli na springi) za inchi 4, kitakachopanda ni chesisi, bodi na viazi vyako. Difu itabaki palepale ikilima lile tuta. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya kimo kilichoongezeka, kwa sababu nusu nyingine inakwenda juu ya ekseli.

Hesabu yake ni rahisi, na kila anayenunua tairi aifanye mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Tairi ya 205/70R15 ina upana wa milimita 205. Ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 143.5. Zidisha ubavu kwa mbili, jumlisha rimu ya inchi 15 ambayo ni milimita 381, unapata kimo cha milimita 668. Kwa njia hiyohiyo, 225/70R15 ina kimo cha 696, na difu inapanda milimita 14. Tairi ya 235/75R15 inafika karibu 734, difu inapanda milimita 33. Ile ya inchi 31 inakaribia 787. Difu ingepanda karibu milimita 60, lakini kimo cha tairi kimeongezeka kwa asilimia 18, na hapo injini, klachi, breki na usukani vyote vinaanza kudai. Barua ya msomaji wa Mbeya hapa chini inaonyesha madai yenyewe.

Kwako wewe tunasema 235/75R15, usizidi hapo. Rimu ya upana wa inchi 6 ndiyo nyembamba kuliko zote zinazokubalika kwa tairi hiyo, kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye rimu zako kwanza. Kisha soma namba ya mzigo ubavuni mwa tairi. Zipo 235/75R15 zenye namba 105, yaani kilo 925 kwa tairi, na zipo zenye 109, yaani kilo 1,030. Kama tairi zako za sasa zimeandikwa 106, hiyo ni kilo 950, na ile ya 105 inakushusha wakati wewe ni mbeba viazi. Wauzaji wengi wataisifia kashata tu, kwamba ina meno. Wewe uliza namba.

Kuhusu meno yenyewe: kashata ya matope matupu inajisafisha vizuri shambani, lakini kwenye lami yenye maji inashika kidogo, na wewe unashuka zile kona 57 za kwenda Chimala ukiwa na mzigo. Chukua ya mchanganyiko. Wala usitafute tairi pana. Udongo wetu mwekundu una ngumu yake chini ya utelezi, na tairi nyembamba ndefu hukata tope ikaifikia ngumu hiyo, wakati pana huelea juu.

Sasa valisha tairi moja mbele upime kabla hujanunua chochote cha kunyanyulia. Pandisha gurudumu hilo juu ya gogo imara la sentimita 20 hadi 25 ili springi ijibane, zuia magurudumu mengine kwa mawe, kisha mtu azungushe usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine polepole. Bandika vidonge vya udongo wa mfinyanzi vya unene wa milimita 15 kwenye madigadi, nyuma ya bampa na penye amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu). Vikibaki vizima, hauhitaji kunyanyua. Vikisagika kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, mara nyingi plastiki hiyo inakatwa au kupashwa moto na kusukumwa nyuma. Vikisagika kwenye chuma, hapo ndipo unyanyue, na milimita 40 mbele zinatosha.

Kwenye tosheni baa, ile fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi, hakuna kipuri cha kununua. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, uandike. Piga jeki katikati, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Paka alama ya rangi kwenye nyuzi za bolti za kurekebishia ili ujue pa kurudi. Zungusha kila upande mizunguko miwili sawasawa, shusha, sukuma gari mita 10 mbele na nyuma ili likae, kisha upime tena. Rudia mpaka ufike. Usiwahi kuzungusha bolti hizo gari likiwa limekalia magurudumu, nyuzi zitakatika.

Ukivuka milimita 40 unajidanganya. Baa haijarefuka wala haijapata nguvu mpya. Umeazima ile nafasi ya gurudumu kushukia shimoni. Amu ya juu inasogea karibu na raba yake ya kuzuia, na kila shimo linagonga chuma. Iache nafasi isiyopungua milimita 15 kati ya amu na raba hiyo. Ukimaliza, nenda moja kwa moja kwenye alaimenti, siku hiyohiyo, kwa sababu magurudumu yatakuwa yameinama na ncha zake za mbele zimegeuka. Tairi mpya za mbele zinaweza kulika upande mmoja ndani ya safari chache tu.

Nyuma, kwa mtu wa mizigo, ongeza jani moja la springi badala ya bloku. Jani linabeba, bloku haibebi. Gari tupu litarukaruka kidogo, utalizoea. Lakini uwezo wa gari haukuongezeka: kama liliandikiwa tani moja, bado ni tani moja, na lumbesa zilizopangwa kupita paa la kebini juu ya gari lililonyanyuliwa ndizo zinazolilaza ubavu kwenye kona za mteremko.

Jambo dogo la mwisho. Spidi mita yako itadanganya kwa karibu asilimia 10. Ikionyesha 50, wewe unakwenda 55, na mwenye tochi pale Chimala hatasikiliza habari za tairi.

Bloku za mti na mtetemo

*Habari za kazi, mafundi. Fundi wa hapa alinichongea bloku za mti mgumu, inchi 3, akaziweka kati ya ekseli ya nyuma na springi. Sasa nikiondoka gia ya kwanza gari linatetemeka lote, na nikiwa na mbao nahisi breki za nyuma hazipo. Mwendo ukizidi, mtetemo unapungua.* — Msomaji, Mafinga

Salama, ndugu. Tunakuomba usibebe mbao tena mpaka hizo bloku zitoke. Mti hunywa maji, hukauka, hunyauka, hupasuka. Kila unaponyauka yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) zinalegea, na ekseli iliyolegea huhama: senta bolti inayoishika mahali pake inakatika, gurudumu moja linatangulia lingine, gari linakwenda upande kama kaa. Tunajua Mafinga mti mzuri haukosekani, lakini kazi hii ni ya chuma kizima au chuma cha kumimina, chenye kinundu juu na tundu chini vya kushika senta bolti. Bloku moja kila upande, milimita 50 mwisho. Usipange mbili. Na bloku hazikai kwenye ekseli ya mbele hata siku moja, kwa sababu breki na usukani huipindua.

Yubolti mpya ziwe ndefu kwa kimo cha bloku. Za zamani zimeshavutika, usizirudishe. Zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, gari likiwa chini kwa uzito wake. Baada ya kilomita 100 zikaze tena, na tena baada ya 500. Watu wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu bloku.

Mtetemo wa kuondokea unatoka kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Propela ya vipande viwili inapita kwenye senta beringi. Ekseli iliposhuka mbali na chesisi, kipande cha nyuma kilipata mwinamo mkali na krosi, yaani viungo vyake, zinazunguka kwa kusitasita. Juu ya hapo, bloku ndefu huipa ekseli nguvu ya kupinda springi ikawa na umbo la S unapoachia klachi. Pua ya difu inainuka, mwinamo unazidi. Ndiyo maana mwendo ukishika na nguvu ikipungua, gari linatulia. Ukirudi kwenye milimita 50 sehemu kubwa itaondoka. Ikibaki, shusha senta beringi kwa washa nene za milimita 10 hadi 15, au weka kabari ya chuma yenye mwinamo wa nyuzi 2 hadi 4 kati ya springi na kiti chake ili pua ya difu ielekee sawa. Kabla ya yote kagua krosi kwa mkono: shika propela uizungushe kushoto na kulia. Ikicheza, badilisha.

Breki sasa. Chungulia juu ya difu. Pikapu nyingi zina vali iliyofungwa kwenye chesisi, yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: springi zikikaa, inaruhusu mafuta zaidi kwenda breki za nyuma, gari likiwa tupu, inapunguza ili nyuma isijifunge. Uliponyanyua inchi 3, vali hiyo inaona gari tupu muda wote, hata ukiwa na mbao za kilo 800. Suluhisho ni kuipandisha ncha ya chini ya fimbo kwa kimo kilekile cha bloku, kwa kutengeneza kipande cha kuungia upande wa ekseli. Usiifunge kwa waya wala kuiondoa. Nyuma ikijifunga kwenye lami yenye maji, gari linageuka.

Ukiwa huko chini, piga jeki chesisi mpaka ekseli ining'inie, utazame mpira wa breki na kebo ya hendibreki. Vikivutika kama kamba ya nguo, virefushe. Shokapu pia: ikiwa ndiyo inayoizuia ekseli isishuke zaidi, itang'oka kichwa.

RAV4 ya kuvuta mbele

*Mimi ni mwalimu, nakaa kijijini ng'ambo ya Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyoisha. Nina RAV4 ya 1.8, inavuta mbele tu, tairi 215/70R16. Naweza kuinyanyua?* — Mwalimu, Rungwe

Mwalimu, ndiyo, ila kidogo: milimita 30, na 40 iwe mwisho kabisa. Gari la kuvuta mbele lina shafti mbili fupi zinazokwenda kwenye magurudumu, na kila milimita ya kunyanyua huzipinda. Zikizidi mwinamo, mipira yake ya vumbi inasuguana na kupasuka, grisi inatoka, matope ya Rungwe yanaingia, na baada ya hapo utasikia ta-ta-ta ukikata kona. Huo ndio mlio wa shafti iliyokufa.

Njia salama ni spesa za alumini au plastiki ngumu juu ya shokapu, nne, za kimo kimoja. Fundi afungue nati tatu za pembeni zinazoshika shokapu kwenye bodi. Ile nati kubwa ya katikati asiiguse! Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa, na ikiachiwa bila kifaa cha kubania springi inaweza kuua. Baada ya hapo alaimenti, mbele na nyuma.

Tairi, nenda 225/70R16, milimita 721 badala ya 707. Faida yake chini ya gari ni milimita 7 tu. Kubwa zaidi ya hapo itagusa sahani ya springi, na hapo spesa ya juu haikusaidii, maana sahani na gurudumu vimefungwa pamoja, vinapanda na kushuka kwa pamoja.

Tungekuwa sisi, pesa ya spesa tungeinunulia kwanza bamba la chuma la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini) na tairi nzuri za mchanganyiko. Na ujue tabia ya gari hili: likipanda mlima, uzito unahamia nyuma na magurudumu ya mbele yanabaki mepesi. Mlima wa utelezi ukikushinda kwa mbele, geuza ukapande kwa rivasi, mtu akikuongoza.

Halivuti, na breki zinanuka

*Hamjambo mafundi. Nilinunua pikapu ya petroli ya 2.0 ikiwa tayari na tairi za inchi 31 badala ya 205/70R15. Kupanda barabara ya Chunya nashuka mpaka gia ya pili, klachi inanuka. Kushuka Iwambi breki zinachemka mpaka pedali inazama.* — Msomaji (mama), Mbeya

Hatujambo, mama. Pedali inayozama kwenye mteremko wa Iwambi, kati ya malori, si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Tairi hizo ni kubwa kwa asilimia 18. Kama difu yako ni ya 4.1, ni kana kwamba umefungiwa ya 3.5: kila gia imekuwa ndefu. Ongeza na hewa yetu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na barabara ya Chunya inapanda kupita 2,000. Injini yako imeshapungukiwa karibu theluthi moja ya msukumo kwenye gurudumu kabla hujapakia kitu. Klachi inalipia tofauti hiyo kila unapoondoka mlimani.

Watu husahau kwamba hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwenye mteremko. Gia ndefu hazishikilii gari, kwa hiyo breki zinafanya kazi iliyokuwa ya injini, na gurudumu kubwa zito linazidai zaidi. Mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya unyevu yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Ndipo pedali inapozama.

Wiki hii: badilisha mafuta yote ya breki, DOT 4 mpya kutoka chupa iliyofungwa, toa hewa kuanzia gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu. Kagua pedi, viatu na unene wa disiki. Shuka Iwambi kwa gia ya pili tangu juu, kabla mteremko haujaanza. Bonyeza breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia, usizikalie.

Kisha amua. Njia ya bei nafuu ni kuuza hizo tairi na kurudi 225/70R15 au 235/75R15, na hiyo ndiyo tunayokushauri. Njia ya pili ni kubadilisha meno ya difu kufikia kama 4.8, yaani 4.1 mara 1.18. Gari litarudi kama lilivyozaliwa, spidi mita pia, lakini kupanga meno ya difu ni kazi ya fundi mwenye vipimo vya kazi hiyo. Ikipangwa kwa macho italia ndani ya mwezi.

Rimu za 4x4, upepo na cheni

*Nimepata rimu za Hilux 4x4 kwa bei poa, zitaingia kwenye Hilux yangu ya kuvuta nyuma? Na tope la Kitulo nipunguze upepo kiasi gani?* — Msomaji, Makambako

Hesabu bolti kwanza. Hilux nyingi za chini za kuvuta nyuma zina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, za 4x4 zina 6 kwenye 139.7. Haziingii. Usikubali spesa za kugeuza 5 kuwa 6 kwa gari la mzigo: gurudumu linasogea nje na beringi za habu zinabeba kwa mkono mrefu.

Upepo: gari tupu kwenye tope, shuka hadi psi 20, mwendo usipite kilomita 30 kwa saa. Chini ya psi 15 tairi inaweza kuvuka rimu. Ukiwa na mzigo usishuke chini ya psi 30. Beba pampu, maana ukirudi lamini kwa psi 20 ubavu unachemka.

Pikapu tupu haina uzito nyuma, kwa hiyo weka mifuko 3 au 4 ya mchanga ya kilo 50 juu ya ekseli, si mwishoni mwa bodi. Gurudumu moja likizunguka peke yake, vuta hendibreki meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta taratibu. Difu itapeleka nguvu upande wa pili. Ukitoka tu iachie.

Na cheni. Gari la kuvuta magurudumu mawili lenye cheni kwenye tairi za kawaida hupita mahali ambapo lililonyanyuliwa bila cheni linakwama. Zifunge kwenye magurudumu yanayovuta, kabla hujaingia topeni, tembea mita 50, shuka uzikaze tena. Ukitaka tairi kubwa na cheni pia, acha nafasi isiyopungua milimita 30 kati ya ubavu wa tairi na shokapu, la sivyo cheni itakata mpira wa breki.